Chupa ya Maji Kwenye Sinki la Stoo

Juzi jioni mjukuu wangu Zawadi alikuja kwangu na wenzake wawili. Waliniamkia vizuri, wakakaa kwenye mkeka, kisha wakatoa simu zao tayari kuandika. Jumatatu wanaanza kazi kwenye supamaketi ile ile niliyostaafu mimi, hapa Singida mjini, na walikuwa na maswali. Tuvae viatu gani bibi? Mtu anaruhusiwa kukaa? Mteja akikutukana unamjibu nini? Niliona wanataka majibu mafupi, na mimi majibu mafupi sina. Nikawaambia waende, nitawaandikia. Basi someni, ninyi watatu na kijana mwingine yeyote anayeingia kazi hii.

Kwanza mjue anayewaandikia ni mwoga. Sikatai, na wenzangu kazini walilijua hilo mpaka wakaniita Mama Taratibu. Niliogopa ngazi, niliogopa maboksi yaliyopangwa juu, niliogopa nyaya za majokofu. Lakini nimestaafu nina vidole vyangu vyote na mgongo wangu haudai fundi, kwa hiyo sioni kwa nini nione haya.

Viatu. Vaa vya kufunika vidole, soli ya mpira, na visiwe vipya siku ya kwanza, vitakuua. Ndala usithubutu. Sisi hapa tunauza mafuta ya alizeti kuliko kitu kingine chochote, na chupa moja ikipasuka sakafuni hata paka hapiti. Mimi nikiwa mgeni niliteleza kuanzia kwenye rafu ya sabuni mpaka kwenye biskuti, huku nimeinua trei ya mayai juu ya kichwa. Mayai yalipona yote. Mimi nilichechemea mpaka wiki ikaisha, na Mzee Rajabu wa stoo alikuja kunitazama, akayahesabu mayai kwanza, ndipo akaniuliza kama nimeumia. Huyo Mzee Rajabu mtamsikia tena, ndiye aliyenifundisha kazi.

Kukaa hakupo. Kuna kuegemea, na hata kuegemea kuna namna yake. Unahamishia uzito mguu huu, halafu ule, na hukunji goti moja kama mtu anayesubiri basi, maana meneja akikuona hivyo atakutafutia kazi ya kufagia.

Mteja akikutukana, mwache amalize. Lakini sikilizeni, wengi hawaanzi kutukana bure. Mzee anatoka Mkalama huko, amepanda pikipiki tangu alfajiri, anafika kwenye kaunta, na wewe kijana unamtajia bei kabla hujamwamkia. Hapo umemkosea hata kama bei ni sahihi. Shikamoo kwanza, foleni itasubiri. Nimewahi kuona mama mmoja anaacha toroli limejaa, anatoka zake, kisa binti wa kaunta alimwambia "mambo". Tulirudisha vitu vile kwenye rafu mpaka mchana.

Bidhaa ya zamani iwe mbele, mpya iwe nyuma, na tarehe uisome kwa macho yako, usimwamini aliyekupa boksi. Kwenye chumba cha baridi cha nyama usiingie bila kuweka kreti mlangoni. Kitasa cha ule mlango enzi zetu kilifunguka kwa nje tu, na kila mara nilipoingia nilihisi mtu anausukuma nyuma yangu. Sasa hivi wamebadilisha, nasikia. Weka kreti hivyo hivyo.

Hayo ndiyo mliyoniuliza. Kuna jambo ambalo hamkuniuliza, na ndilo linaloniamsha mpaka leo nikiwa na jasho. Linahusu chupa tupu za maji.

Mzee Rajabu, yule wa stoo, alikuwa na kisu kidogo mfukoni. Kila chupa tupu ya plastiki iliyopita mbele yake, iwe ya maji, iwe ya soda, aliikata katikati kabla ya kuitupa. Nyinyi mnajua hapa kwetu chupa tupu ni mali. Kina mama wanaokamua alizeti na kuuza mafuta kando ya barabara wanazitafuta, wauza asali wanazitafuta, hata dawa ya kuogeshea mbuzi mtu anakwenda kununua na chupa yake. Kina mama walikuja mlango wa nyuma wa stoo wakamwomba, "Mzee tusaidie chupa." Yeye huku anawaitikia salamu, huku anakata. Walimwona ana roho mbaya. Na mimi nilimwona hivyo hivyo, nikamuuliza siku moja tukiwa tunapanga unga.

"Mzee, unapungukiwa nini ukiwapa?"

"Sipungukiwi na kitu."

"Sasa?"

Akaendelea kupanga unga. Baadaye akasema, "Nilikuwa gereji kabla ya hapa. Mwenzangu mmoja alikuwa na kiu." Akainua mfuko mwingine. "Kulikuwa na chupa ya soda kwenye benchi. Ndani maji ya betri." Nikamwuliza huyo mwenzake alikuwaje, akaniambia nishike ule upande wa pili wa mfuko. Sikuuliza tena. Ila tangu siku ile nikawa siwezi kunywa chochote kwenye chupa ambayo sikuifungua mimi, na hata nyumbani nilianza kunusa maji kabla ya kunywa, mume wangu marehemu akawa ananicheka.

Mzee Rajabu alipostaafu alirudi kwao Rungwa kwenye mizinga yake ya nyuki. Aliniachia funguo za stoo. Kisu aliondoka nacho, na kwa kweli hakuna aliyetaka kurithi kazi ya kisu. Meneja tuliyekuwa naye wakati huo alikuwa kijana mwenye huruma. Aliwaonea huruma wale kina mama, akaagiza chupa tupu zikusanywe kwenye gunia, wapewe. Walimshukuru sana, wengine walimletea karanga. Gunia likawa linakaa pale stoo karibu na sinki, na kama mnavyojua binadamu, mtu akihitaji chombo anainama, anachukua. Dawa ya kufutia vioo ikawekwa kwenye chupa ya maji. Sabuni ya maji, chupa ya maji. Mafuta ya taa ya kusafishia gundi ya lebo, chupa ya maji.

Nilimwambia meneja ninaogopa. Hakunidharau, alinipa karatasi nyekundu ya gundi, akasema kila chupa yenye dawa niizungushie. Nikafanya hivyo. Wafanyakazi wote wakajua: nyekundu, usiguse. Na mimi nikatulia kidogo, jambo ambalo silifanyi mara nyingi.

Sasa mjue Nezia. Alikuja kwetu akiwa hajafika hata miaka ishirini, mtoto wa Kinampanda, aliyelelewa na bibi yake mzaa mama. Mwembamba, mwepesi, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Akimwamkia mzee kwenye kaunta, mlinzi wa mlangoni naye anaitikia marahaba. Wazee wa Iramba walipenda foleni yake hata kama ilikuwa ndefu, kwa sababu aliongea nao Kinyiramba, akawauliza mvua na mifugo. Adabu ile ilitoka kwa bibi yake, kila kitu kwake kilikuwa "bibi amesema".

Lakini Nezia alikuwa na hofu moja, na ninyi vijana mtakuwa nayo, kwa hiyo msomeni vizuri. Aliogopa kuitwa mwizi. Mwanzoni mwanzoni kuna binti mwenzake alikuwa amefungua pakiti ya biskuti akidhani atalipa jioni, akafukuzwa mchana ule ule mbele ya wateja. Nezia aliliona lile tukio. Tangu hapo alikuwa akipita kwenye rafu mikono yake ameifunga nyuma. Kiu ikimshika, alikunywa kwenye bomba la nje. Nilimwambia, "Mwanangu, hofu yako imezidi." Akacheka, "Mama Taratibu, wewe ndiye wa kuniambia hayo?"

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, upepo wa vumbi, jua limekaa utosini. Asubuhi alikuja fundi bomba kuzibua sinki la stoo lililokuwa limeziba kwa mafuta. Alikuja na kostiki, ile ile wanayopikia sabuni, akaikoroga kwenye maji. Ikikorogwa vizuri na kupoa haina rangi na haina harufu, unaona maji tu. Alimimina nusu kwenye bomba. Nusu iliyobaki akaihurumia, akainama kwenye gunia, akachukua chupa, akaitia, akafunga kizibo, akaiacha pembeni ya sinki aje aimalizie mchana. Yeye hakuwa mtu wetu, habari za karatasi nyekundu atazijulia wapi? Mimi wakati huo nilikuwa uwanjani kwa nyuma napokea gari la sukari.

Ndipo akaingia mzee mmoja kutoka Misigiri, Mzee Mkumbo. Alikuja kununua vitu vya harusi ya mjukuu wake. Alisimama kwenye foleni ya Nezia, wakaamkiana, wakaanza Kinyiramba chao, halafu yule mzee akashika kaunta kwa mikono miwili, magoti yakamlegea. Mlinzi akamkalisha juu ya boksi la sabuni. Mzee akasema neno moja, maji.

Jokofu la maji ya kuuza lilikuwa hapo hapo, hatua chache tu. Nezia alilitazama. Mlinzi aliniambia baadaye kwamba alimwona akilitazama. Ingebidi afungue chupa ambayo haijalipiwa, mbele ya watu, na meneja hayupo wa kumwomba ruhusa. Akageuka, akakimbilia stoo. Akakuta chupa ya maji safi, imefungwa, imesimama kwenye sinki, haina karatasi nyekundu. Akaichukua, na kikombe.

Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma wakati huo. Sikumwona akichukua. Niliona sinki, na juu ya ukingo wake nikaona duara la majimaji, alama ya kitako cha chupa. Nilikuwa nimemwona fundi akiingia asubuhi na kostiki yake. Niliigusa ile alama kwa kidole, ikateleza kama sabuni. Wanangu, moyo wangu uliacha kazi. Mtu amechukua. Nani? Ya nini? Nilianza kukimbia, mimi ambaye watu hawajawahi kuniona nakimbia, na nilikuwa nataka kupiga kelele lakini sauti haitoki.

Nilipotokea mbele niliona mzee amekaa kwenye boksi na amenyoosha mikono miwili kupokea. Niliona Nezia amepiga goti mbele yake, kikombe kimejaa. Nikasema moyoni, mzee anakufa mbele yangu.

Lakini kuna kitu nilikuwa nimekisahau. Huko kwao Nezia, bibi yake alimfundisha kwamba mgeni mkubwa hapewi kinywaji hivi hivi. Iwe togwa, iwe maji, anayempa anaonja kwanza mbele ya macho yake, aone kuwa ni salama, ndipo anampa kwa mikono miwili. Vijana wa siku hizi wengi wameacha. Nezia hakuacha. Akainua kikombe, akapiga funda.

Kikombe kilianguka. Alishika shingo yake, akanitazama. Hakulia. Sauti yake kubwa ile haikutoka, mdomo ulifunguka tu.

Watu wakajaa. Mmoja anasema mpe maziwa, mwingine anasema mtapisheni, mtieni vidole. Hapo ndipo namshukuru Mzee Rajabu, kwa sababu aliwahi kuniambia tukiwa tunapanga dawa za choo: kilichounguza kikishuka kitaunguza kikipanda. Shikeni hilo hata kama mengine yote mtayasahau. Usimtapishe. Nilimsukutua mdomo kwa maji safi, ateme, tena na tena, nikamfuta kidevu, nikaichukua ile chupa niwaonyeshe madaktari ni kitu gani. Meneja alikuwa ndiyo anaingia. Hakuuliza swali, alimbeba Nezia mwenyewe mpaka kwenye gari lake. Njiani binti alinishika mkono akaukamua mpaka pete yangu ikaniingia kwenye nyama. Niliomba dua zote ninazozijua, za kwetu na za majirani.

Aliishi. Nawaambia sasa ili msishike roho kama nilivyoishika mimi. Lakini alikaa hospitali muda mrefu, na walipomruhusu arudi kwenye chumba chake hapa mjini sauti ilikuwa imeondoka, amebaki kama mtu anayenong'ona. Madaktari walisema koo linapona, anaweza kumeza, sasa anywe, ale uji, apate nguvu.

Hakunywa. Hapo ndipo hofu ya pili ilipoanza, na kwangu ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Bibi yake alikuja kutoka Kinampanda, akampa maji, Nezia akakitazama kikombe, akakisukuma pembeni. Mimi nilimpelekea chupa mpya, nikaifungua mbele yake ili aisikie ikilia. Akageukia ukutani. Alikubali kijiko cha uji hapa na pale, usiku akilowesha midomo kwa kitambaa. Mashavu yaliingia ndani. Meneja alikuja akakaa pale akalia mbele yetu, akaondoka akachoma gunia la chupa. Nilikwenda kila siku baada ya kazi, na kila nikikaribia mlango niliogopa kukuta viti vya msiba vimepangwa nje.

Halafu siku moja mlango uligongwa, akaingia Mzee Mkumbo. Alikuwa amekonda na yeye. Amevaa koti lake la kanisani na jua lile. Hakuleta zawadi, hakuleta maneno mengi. Tulimwamkia, akaitikia, akaomba kikombe. Bibi yake Nezia akadhani mgeni ana kiu, akainuka kumchotea mtungini. Mzee akakataa. Akaenda mwenyewe, akachota mwenyewe, akarudi akavuta kigoda mpaka karibu na kitanda.

Kisha akanywa. Alikunywa taratibu, karibu nusu ya kikombe, na Nezia anamtazama. Akashusha kikombe gotini, akakaa. Sote tukawa tunamtazama yule mzee akikaa, tuone kama ataanguka. Mimi katika maisha yangu sijawahi kuona mzee anamwonjea mtoto. Huo si utaratibu, mtoto ndiye anayeonja. Bibi yake Nezia alijifunika uso kwa khanga.

Mzee akasema kwa Kinyiramba, taratibu, nami nilielewa, "Ulininywea funda langu. Leo nimekunywea lako." Akamnyooshea kikombe kwa mikono yote miwili.

Nezia akakipokea. Akanywa. Yakampalia, akakohoa, akanywa tena. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko ambako hakuna anayeniona.

Hayo ni ya miaka kadhaa sasa. Ninyi mtataka kujua cha kuogopa na cha kutoogopa. Mteja akianguka, fungua jokofu, chukua maji yaliyofungwa na kiwanda, maelezo yatafuata. Meneja yeyote mwenye akili atakuelewa, na asiyekuelewa basi kazi nyingine zipo. Kiogope chombo usichokifungua wewe. Dawa ikae kwenye dumu lake lenye jina lake, na ukimkuta mtu anaihamishia kwenye chupa ya maji, hata kama ni fundi, hata kama ni mkubwa wako, mwamkie kwanza, halafu mzuie.

Na Jumatatu mtakapofika, msimamizi wa stoo atakayewapokea ni Nezia. Mtamwamkia, na ataitikia kwa sauti ndogo sana, msidhani anawadharau. Mtamwona ana kisu kidogo mfukoni, na chupa tupu zote zimekatwa. Kisha atawapa maji, kwa sababu kila mgeni wa kazi anampa maji siku ya kwanza. Ni mkubwa kwenu, lakini atakunywa yeye kwanza, mbele yenu, na atasubiri kidogo. Msicheke na msimharakishe. Pokeeni kwa mikono miwili, mnywe.